Wahitimu wa Kasri: Wanamuziki wa Kabaka na Elimu ya Muziki Uganda baada ya 1966

Utangulizi

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri, yaani kasri la Kabaka wa Buganda lililoko Mengo, Kampala. Kabaka Mutesa II, ambaye alikuwa Rais wa Uganda tangu 1963 hadi alipoondolewa miezi michache kabla ya shambulio hilo, alitoroka na hatimaye akafika Uingereza kupitia Burundi. Alifia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote nchini. Mambo haya tuliyasoma sekondari na kuyajibia mtihani. Jambo ambalo sikulikuta katika vitabu vyangu vya sekondari ni kwamba siku ile ilifungwa pia shule moja kubwa ya muziki.

Shule hiyo haikuwa na ubao wala cheti. Ilikuwa na ngoma, marimba, filimbi, vinubi na mabaragumu ya vibuyu, na walimu wake walikuwa wanamuziki wa Kabaka. Baada ya shambulio, vyombo viliteketea au vikapotea, na wanamuziki wakatawanyika. Hata hivyo mimi, niliyezaliwa miaka mingi baadaye, nilijifunza kupiga amadinda shuleni. Mwalimu wangu alifundishwa na mtu ambaye naye alifundishwa na mwanamuziki wa kasri. Mnyororo huo ndio ulionipa swali la insha hii: shule ilipofungwa kwa risasi, nani aliendelea kufundisha, na kwa nini baadhi ya masomo yalipona na mengine yakakaribia kufa?

Hoja yangu ni kwamba muziki uliopona ni ule ambao wenyewe walikuwa wameanza kuufundisha nje ya ua wa kasri kabla ya mwaka 1966. Kazi hiyo ilifanywa na watu wachache ambao katika insha hii nitawaita wahitimu wa kasri. Hawakuwa na chama kilichosajiliwa, wala katibu, wala mfuko wa fedha. Walichokuwa nacho ni elimu waliyoipata mahali pamoja, na kila mmoja aliona kwamba ana deni la kuipeleka mbele. Nieleze pia kwamba ninaposema Waganda hapa, nina maana ya watu wa Buganda, si raia wote wa Uganda.

Kasri lilikuwa shule

Muziki wa kasri haukuwa kitu kimoja. Kulikuwa na vikundi kadhaa, na kila kimoja kilikuwa na vyombo vyake, watu wake na kazi yake. Abalere walipiga filimbi. Amakondere walipuliza mabaragumu ya vibuyu. Omulanga alipiga ennanga, kinubi chenye nyuzi 8, na kuimba mbele ya Kabaka. Kulikuwa na akadinda, marimba kubwa ya vibao 22 iliyopigwa na watu sita, na kulikuwa na amadinda, marimba ya vibao 12 inayopigwa na watu watatu. Juu ya hivyo vyote kulikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa safu. Ngoma 12 kati ya hizo zilikuwa na sauti zilizopatanishwa kama vibao vya marimba na zilipigwa na watu wanne. Tatu zilizobaki zilipigwa na watu wawili.

Wanamuziki hao hawakuishi wote kasri siku zote. Walitoka katika vijiji na koo zilizojulikana kwa kazi hiyo, wakaja kwa zamu, na wengine walipewa ardhi kwa sababu ya utumishi wao. Kwa hiyo mtoto wa mpigaji alikua akisikia nyimbo nyumbani, na alipopelekwa kasri aliwakuta wakubwa waliojua zaidi. Hapakuwa na saa ya somo. Alikaa karibu, akasikiliza, akapewa sehemu nyepesi, na alipoiweza akapewa nyingine. Wakubwa walimsahihisha kwa kumshika mkono au kwa kupiga tena.

Ili msomaji aelewe kwa nini muziki huu ni mgumu kuhifadhi kwenye karatasi, inafaa nieleze amadinda inavyopigwa. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, marimba ikiwa katikati yao. Wa kwanza huitwa omunazi. Yeye huanza na kupiga sehemu yake kwa mapigo yaliyo sawasawa, bila kupumzika. Wa pili, omwawuzi, maana yake mgawanyaji, huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kila pigo lake likianguka pale ambapo mkono wa mwenzake umeinuka. Wote wawili wana kasi ileile, lakini hawagongi kamwe kwa wakati mmoja. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu, vile vidogo vya mwisho vyenye sauti ya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza mapigo yanayoangukia vibao viwili vikubwa vya sauti nzito, kisha kuyarudia upande wa juu.

Matokeo yake ni jambo la ajabu. Msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati ya wale watatu anayeupiga. Omunazi akipiga peke yake, wimbo haupo. Omwawuzi akipiga peke yake, haupo. Wimbo huzaliwa pale sehemu mbili zinapofumana, kama ukili unaposukwa kuwa mkeka. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyeanza kujifunza amadinda Kampala mwaka 1959, alijenga sehemu kubwa ya maandishi yake ya kitaaluma juu ya jambo hili moja. Mwalimu wake alikuwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka.

Kutokana na maelezo haya mambo mawili yanaonekana wazi. Kwanza, mtu mmoja hawezi kuutunza muziki huu peke yake, kwani ukibaki na mpigaji mmoja umebaki na theluthi ya wimbo. Pili, si kila sehemu ya muziki ilikuwa wazi kwa watu wa nje. Amadinda iliweza kupigwa hata nje ya kasri, lakini entenga ilikuwa mali ya Kabaka. Heshima hiyo iliipa entenga hadhi kuliko marimba, na baadaye ilikaribia kuiua.

Mlango uliofunguliwa mapema

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya zamani ya Lugard, Kampala, na mwaka 1954 yakahamia kilima cha Kitante, mahali yalipo hadi leo. Kuanzia 1948 hadi 1957 msimamizi wake alikuwa Klaus Wachsmann, msomi wa muziki mzaliwa wa Ujerumani. Wachsmann alikusanya vyombo vya muziki kutoka pande zote za Uganda na kurekodi wapigaji wengi. Lakini uamuzi wake muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa ule wa kukubali kwamba chombo kilichotundikwa ukutani hakifundishi kitu. Makumbusho yaliajiri wanamuziki wa kuvipiga vyombo hivyo mbele ya wageni na wanafunzi. Miongoni mwao alikuwa Muyinda.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Muyinda alikuwa mtu wa kasri, aliyejua nyimbo za kasri kwa namna ya kasri. Sasa alikaa katika jengo la umma, ambamo mtoto wa shule, mtalii au msomi aliweza kuingia na kuuliza. Hakungoja wanafunzi waje kwake tu, maana alifundisha pia mashuleni. Aliunda kikundi kilichochanganya vyombo ambavyo kasri havikuwa vikipigwa pamoja kwa mpangilio huo: marimba, filimbi, zeze na ngoma katika okestra moja ya Kiganda. Mtu anayependa mambo yabaki kama yalivyokuwa anaweza kusema Muyinda aliharibu utaratibu. Mimi naona alifanya hesabu. Shule haina vikundi sita vya wapigaji wanaokuja kwa zamu. Ina darasa moja, na mwalimu anahitaji njia ya kuwapa watoto wote kitu cha kushika.

Wapo wengine walioutoa muziki huu nje ya ua katika miaka hiyohiyo. Hugh Tracey alirekodi wanamuziki wa Kabaka mwaka 1950 na 1952. Joseph Kyagambiddwa, mtunzi Mganda, alichapisha New York mwaka 1955 kitabu chake African Music from the Source of the Nile, ambamo aliandika nyimbo za Kiganda kwa alama za muziki. Mwaka 1964, mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, utunzi wake mkubwa wa kuwaenzi uliimbwa Roma, na ndani yake mlisikika sauti za Buganda. Kwa hiyo ilipofika 1966, muziki wa kasri ulikuwa tayari una makao mengine kadhaa: makumbusho, madarasa machache, kanda za rekodi, kitabu na kanisa. Hakuna aliyejua kwamba makao hayo yangehitajika upesi kiasi hicho.

Baada ya shambulio

Kasri lilipoangushwa, wanamuziki walipoteza mambo matatu kwa pamoja. Walipoteza vyombo, kwa sababu vilivyokuwamo ndani viliharibiwa. Walipoteza zamu, yaani sababu ya kukutana. Na walipoteza mwenye kuwaita, kwani baada ya 1967 kisheria hapakuwa na Kabaka tena. Kasri lenyewe likawa kambi ya jeshi, na katika utawala wa Amin, kuanzia 1971, likawa mahali pa mateso na vifo. Mtu aliyekuwa mpigaji wa Kabaka hakuwa na sababu ya kujitangaza mbele za watu.

Mpigaji wa amadinda angalau alikuwa na pa kwenda. Marimba ya vibao 12 hutengenezwa kijijini kwa mbao zinazolazwa juu ya migomba miwili. Wapigaji watatu hupatikana. Zaidi ya hayo, tayari walikuwapo walimu wa shule waliomwona Muyinda akifundisha na waliojua kwamba jambo hili linawezekana darasani. Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha idara ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971, elimu ya wapigaji wa kienyeji ilianza kupata nafasi mahali ambapo awali muziki uliohesabiwa kuwa wa kusomwa ni ule wa piano na nota za Ulaya.

Mfano ninaoupenda zaidi wa kipindi hiki ni Albert Bisaso Ssempeke, aliyefariki mwaka 2006. Kasri alikuwa mpiga filimbi. Baada ya kasri kufungwa alifanya kazi makumbusho, kama Muyinda alivyofanya kabla yake, akawa mpigaji wa vyombo vingi. Ennanga, kile kinubi cha nyuzi 8, ilikuwa imebaki na wapigaji wachache mno. Ssempeke alijifunza kuipiga akiwa mtu mzima, akisaidiwa na rekodi za wapiga ennanga waliomtangulia. Kisha akaifundisha. Katika miaka ya 1980 alipata kualikwa Edinburgh, Uskoti, kufundisha na kupiga. Mwanawe, mwenye jina kama lake, anaipiga na kuifundisha hadi leo.

Kisa hiki kinajibu swali ambalo mwanafunzi mwenzangu aliniuliza nilipokuwa nikitayarisha insha hii: je, rekodi za Wachsmann na Tracey hazitoshi? Kama sauti zipo, tunawahitaji wazee kwa nini? Ni kweli kwamba rekodi zilimsaidia Ssempeke. Lakini tuangalie zilimsaidia nani. Zilimsaidia mtu aliyezijua nyimbo zenyewe tangu ujana wake kwa filimbi, ambaye sikio lake lilikuwa limekwisha kufunzwa kasri. Aliposikia kinubi kwenye kanda, alikuwa anakutana na rafiki wa zamani aliyevaa nguo nyingine. Mimi nikipewa kanda hiyohiyo nitasikia sauti nzuri, lakini sitajua kidole gani kinaanza. Na kwa amadinda ni vigumu zaidi, kwa kuwa kinachosikika kwenye rekodi ni ule wimbo ambao hakuna anayeupiga. Mwenye kujua kuugawa wimbo huo urudi kuwa sehemu za omunazi na omwawuzi ni yule aliyefundishwa na mtu.

Kufundisha shuleni kulikuwa na gharama yake pia, na historia ya kweli haina budi kuitaja. Amadinda nyingi za shule zimepatanishwa kwa sauti za do-re-mi ili ziandamane na nyimbo za kwaya, wakati marimba ya kasri ilikuwa na hatua tano zilizokaribiana kulingana katika kila oktava. Mara nyingi omukoonezi huachwa kabisa kwa sababu mwalimu mwenyewe hajui kazi yake. Nyimbo zilizokuwa na visa vya wafalme, vita na misiba hupigwa kama mapambo ya sherehe ya shule, bila mwanafunzi kuambiwa zinasimulia nini. Mimi mwenyewe nilipiga amadinda kwa miaka miwili kabla sijasikia kwamba wimbo tuliokuwa tukiupiga una maneno. Kilichopona kimepona kikiwa na makovu.

Kisa cha entenga

Entenga haikuwa na pa kwenda. Nje ya kasri haikuwa na ruhusa wala wapigaji. Ngoma 12 zinazopatanishwa sauti si jambo ambalo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulitengeneza kwa mbao na migomba. Zinahitaji magogo ya kufaa, ngozi, na fundi anayejua kuiwamba kila ngoma hadi itoe sauti yake mwenyewe, si sauti ya jirani yake. Zinahitaji watu sita waliokubaliana. Muyinda hakuweza kuipeleka darasani kama alivyopeleka marimba. Mwaka 1993 serikali iliporudisha falme, na Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa tarehe 31 Julai mwaka huohuo, Kabaka alirudi lakini entenga haikurudi pamoja naye. Miaka 27 ilikuwa imepita, na wengi wa waliojua walikuwa wamekufa. Muyinda naye alifariki mwaka huo wa 1993.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye ndipo James Isabirye, mhadhiri wa muziki katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, alipoongoza kazi ya kuifufua. Kabla ya hapo alikuwa ameshughulikia bigwala, mabaragumu ya vibuyu ya Busoga ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wazee waliojua kuyapiga walikuwa wamebaki wachache. Kwa entenga hali ilikuwa mbaya zaidi. Ilibidi atafutwe mzee aliyewahi kuipiga kasri, ngoma zitengenezwe upya, na vijana wakae chini ya mzee huyo wafundishwe. Mradi wa Singing Wells, ambao studio ya Ketebul ya Nairobi ni mshirika wake, ulisaidia katika kazi hii, na hivyo majirani zetu wa Kenya nao wana mkono katika kurudi kwa ngoma za Mengo.

Kilichorahisisha ufufuo huo kinathibitisha hoja yangu. Nyimbo za entenga ni zilezile za amadinda, na namna ya kufumana ni ileile. Vijana waliokaa mbele ya mzee hawakuanza na sifuri. Kichwani walikuwa na nyimbo ambazo Muyinda, Ssempeke na wenzao walizisambaza kwa vibao vya mbao. Kilichokosekana ni ule ujuzi wa ngoma zenyewe: zinavyowambwa, zinavyopangwa, zinavyopigwa, na kazi ya zile ngoma tatu za pembeni. Huo ulikuwa umebaki ndani ya kumbukumbu ya mzee. Kwa maneno mengine, sehemu ya entenga iliyokuwa imetolewa nje ya ua iliwasubiri vijana shuleni, na sehemu iliyofichwa ilikuwa imebakiza pumzi ya mtu mmoja. Angefariki miaka mitano mapema, insha hii ingekuwa na sura nyingine.

Lugha ya askari

Lipo jambo jingine ambalo sikuweza kulikwepa. Ninaandika historia hii kwa Kiswahili, na Kiswahili kwa Waganda wengi wa umri wa bibi yangu ni lugha ya askari. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa II aliandika kupinga mpango wa kuifanya lugha hii kuwa rasmi Uganda. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika King's African Rifles, na baada ya uhuru jeshi likairithi. Waliovunja ukuta wa Lubiri mwaka 1966 walipewa amri kwa Kiswahili. Wakati wa Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, watu wa Kampala walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Ni kweli kwamba mwaka 1979 walikuja pia askari wa Tanzania, ambao watu waliwaita Wakombozi, nao walizungumza Kiswahili. Lakini hofu haifutwi na furaha ya mara moja.

Nilipomwambia jjajja, yaani bibi yangu, kwamba ninasomea Kiswahili chuo kikuu, aliniuliza, "Mwana wange, unakwenda jeshini?" Alikuwa anatania, lakini si utani mtupu. Nilipomwambia tena kwamba ninataka kuandika kwa lugha hiyo juu ya wanamuziki wa Kabaka, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi waandike vizuri, wasije wakafa mara ya pili."

Nimelifikiria neno lake kwa muda mrefu. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri hizo haziwezi zenyewe kubadilisha kile ambacho jjajja anakisikia akilini anapolisikia neno la Kiswahili. Jambo linaloweza kukibadilisha ni kile tunachokitumia kusema. Kama Kiswahili cha Uganda kitakuwa cha amri na biashara tu, kitabaki kambini na sokoni. Kama kitabeba pia habari za Muyinda na omukoonezi, mtu wa Kisumu, Bukoba, Goma au Bujumbura atasoma, atafananisha na ngoma za kwao, na huenda akaja kujifunza. Wahitimu wa kasri walikubali muziki wa Kabaka upigwe na mtoto wa mtu yeyote. Sioni kwa nini habari zao zibaki katika Kiganda na Kiingereza peke yake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba muziki wa kasri la Buganda ulinusurika baada ya 1966 kwa sababu wanamuziki wachache waliogeuka walimu kabla hawajalazimika. Makumbusho yaliwapa mahali, watafiti waliwapa rekodi na maandishi, na shule ziliwapa wanafunzi. Lakini kiini cha kazi kilikuwa uamuzi wao wenyewe kwamba elimu waliyopewa kwa ajili ya mfalme inaweza kupewa watoto wasio na koo za wapigaji. Pale ambapo uamuzi huo haukuwezekana, kama kwa entenga, nchi ilibaki kumtegemea mzee mmoja.

Fundisho ninalolipata linahusu vyuo vyetu moja kwa moja. Wazee wanaojua muziki wa kale bado wapo katika wilaya nyingi, na mara nyingi huitwa chuoni siku ya tamasha, wakapiga, wakapewa nauli na soda, wakaondoka. Mtaala unawahesabu kuwa watumbuizaji, ilhali historia niliyoieleza inaonyesha kwamba wao ni walimu. Muyinda hakuwa na shahada, na aliyemfuata kutoka Austria alirudi kwao na kuwa msomi mkubwa kwa sababu ya masomo yake. Ningependa idara zetu za muziki, historia na lugha ziwape wazee hao vipindi vya kudumu na malipo ya mwalimu, na ziwape wanafunzi watatu watatu, kwa sababu huu ni muziki usiojifunzwa na mtu mmoja.

Na sisi tuliofundishwa amadinda shuleni tuna wajibu wetu. Katika darasa langu tulikuwa zaidi ya arobaini. Wengi wameshasahau, lakini nimewapata wawili wanaokumbuka sehemu ya omunazi na ya omwawuzi. Tunakutana Jumamosi katika shule moja ya msingi karibu na chuo, ambayo mwalimu mkuu wake ametukubalia tutumie chumba kimoja. Watoto kumi na wawili wanakuja. Mmoja wao, msichana wa darasa la tano, ameanza kuvisikia vile vibao viwili vya chini na kuvijibu juu.